SOMO: Uzi, pini, gundi au plasta? Namna ya kuchagua njia ya kufunga ngozi baada ya upasuaji

Wanafunzi wengi huingia chumba cha upasuaji wakijua kupiga fundo, lakini ukiwauliza kwa nini jeraha hili limeshonwa na lile limepakwa gundi, hujibu kwamba ndivyo daktari alivyozoea. Mazoea si sababu. Kinachoamua ni nguvu inayovuta kingo za jeraha ziachane.

Hatua ya 1: Je, lifungwe sasa?
Jeraha safi la kisu cha upasuaji hufungwa papo hapo. Penye usaha au kinyesi kilichomwagika, mara nyingi ngozi huachwa wazi chini ya chachi, ikakaguliwa siku ya 4 au ya 5, na ikiwa safi ndipo hufungwa. Usaha ukifungiwa ndani, hakuna uzi wala pini itakayolitunza jeraha hilo.

Hatua ya 2: Ondoa mvuto
Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naiona kubwa kuliko zote. Shona tabaka la ndani ya ngozi kwa uzi unaoyeyuka, fundo likielekea chini. Kisha tazama: kingo zimegusana zenyewe bila kushikiliwa? Kama ndiyo, njia zote zipo wazi kwako. Kama zinaachana ukiondoa koleo (kibano cha kushikia ngozi), sahau gundi na plasta.

Sababu ni hii: baada ya wiki 3 jeraha huwa na takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi nzima, na hata baada ya miezi 3 halivuki sana asilimia 80. Mishono ya juu huwa imeshatolewa zamani. Kinachozuia kovu kutanuka wakati huo ni kazi uliyoifanya chini.

Hatua ya 3: Chagua
*Uzi* ndio wa kuaminika zaidi, hasa penye mvuto. Nailoni haichokozi sana mwili. Mishono ya mmoja mmoja ina faida kubwa: sehemu moja ikitunga usaha, unafungua hapo tu na mingine inabaki. Sindano iingie wima, itoke umbali uleule upande wa pili, ili kingo ziinuke kidogo kwa nje. Zikijikunja ndani, kovu hubonyea. Usikaze, ngozi itavimba, na mshono unaobana leo kesho utakata. Penye mstari safi, mshono unaopita ndani kwa ndani hauachi alama za uzi pembeni.

*Pini*, vile vibanio vidogo vya chuma vinavyopigwa kwenye ngozi kwa kifaa, ni za haraka, nzuri kichwani na kwenye jeraha refu. Mmoja ainue kingo kwa koleo, mwingine apige. Kwa upasuaji wa kujifungua mimi huchagua uzi, kwa kuwa tafiti zimeonyesha jeraha la pini huachia zaidi.

*Gundi* ya sianoakrilati huganda ikikutana na unyevu wa ngozi. Hupakwa juu ya kingo zilizoshikanishwa. Ikiingia katikati, inazitenganisha. Damu iwe imekoma kutoka kwanza, na macho yakingwe.

*Plasta za vibande* zinafaa jeraha dogo lisilovutwa. Hazishiki penye jasho au nywele.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nyuzi zitolewe siku ya ngapi?
Usoni siku 3 hadi 5, kichwani na kiwiliwili 7 hadi 10, mikononi na miguuni 10 hadi 14, juu ya kiungo kama goti subiri 14. Mwenye kisukari au anayetumia dawa za steroidi, ongeza siku.

Mkuu, gundi ya kubandikia vyombo si jamii ileile?
Jamii ni moja lakini si dawa. Haijatakaswa, hutoa joto kali ikiganda, na kemikali zake hudhuru ngozi. Usiitumie.

Mgonjwa wangu wa gundi anataka kupaka mafuta, ni sawa?
Hapana, mafuta huilegeza. Aoge haraka bila kuloweka jeraha, akaushe kwa kugusagusa kwa taulo. Itabanduka yenyewe kati ya siku 5 na 10.

Bibi mwenye ngozi nyembamba kama karatasi, kila mshono unachana. Nifanyeje?
Bandika vibande vya plasta sambamba na kingo, kimoja kila upande, kisha shona ukipitisha sindano juu ya plasta hizo. Uzi utavuta plasta badala ya kuchana ngozi.

Nikitoa nyuzi naogopa jeraha litafunguka.
Toa mmoja, ruka mmoja, tazama. Likianza kuachia, simama, weka plasta na mwite aliyekuzidi uzoefu. Inua fundo kwa koleo, kata uzi mahali unapozama kwenye ngozi, upande mmoja tu, kisha vuta kuelekea kwenye jeraha. Uzi uliokaa nje umechafuka, usipite ndani.