Dizatesheni ya mifumo ya habari: modeli iko sawa, shida iko kwenye dodoso la Kiswahili

Mwanafunzi wa IT akifika hatua ya propozo kitu cha kwanza anachoniomba ni mada. Mi huwa sitoi mada, namuuliza umeona nini kwa macho yako watu wanahangaika nacho? Maana "mambo yanayochangia matumizi ya huduma za pesa kwa simu" imeshaandikwa na watu wengi sana kabla yako. Lakini ukiniambia wakala wa mtaani kwenu bado anaandika miamala yote kwenye kaunta buku wakati simu yake ina historia ya kila muamala, hapo sasa tunaongea, kwa nini kaunta buku haijafa? Hilo swali unaweza kukaa nalo miezi sita bila kuchoka na jibu lake hulijui kabla ya kuanza. Kama jibu unalijua tayari basi bado hujapata swali.

Ukishapata swali amua kama unaeleza au unajenga. Kueleza ni kama hilo la kaunta buku. Kujenga ni pale unapotengeneza apu au mfumo, na hapa wengi wanaangushwa kwenye difensi, siku ya kuitetea kazi mbele ya jopo, kwa sababu wanaleta mfumo tu, wanaonyesha skrini ya kuingilia na ripoti za PDF basi. Hevner na wenzake mwaka 2004 kwenye jarida la MIS Quarterly walieleza vizuri kwamba utafiti wa kujenga lazima uonyeshe tatizo ni la kweli na kitu ulichojenga kimepimwa kwa njia inayoeleweka. Kwa iyo kama unajenga, sura ya kupima iandike mapema, usiisubirie wiki ya mwisho.

Kusoma. Usisome kila pepa kutoka juu mpaka chini utazeeka. Mtaalamu wa kompyuta S. Keshav alishauri mwaka 2007 usome kwa raundi tatu: ya kwanza dakika kumi hivi, unasoma kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo na hitimisho, alafu unaamua kama inakufaa, ya pili unaingia ndani ila unaruka vipengele vigumu, ya tatu ni kwa zile chache tu ambazo utafiti wako unazisimamia. Ukipata pepa moja nzuri kwenye Google Scholar bonyeza orodha ya waliolinukuu, hapo unaona mazungumzo yaliendaje baada yake. Marejeo yaweke kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza, ni ya bure. Na kama umeomba akili mnemba ikutafutie marejeo, nakusihi fungua kila moja uone kama lipo kweli, zinatunga pepa lenye jina zuri na mwaka na waandishi ambalo halijawahi kuandikwa na mtu, ukilipeleka kwa supavaiza hivyo hivyo imani yake kwako inaisha siku hiyo.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoniuma zaidi, dodoso.

Wengi mtatumia TAM (Technology Acceptance Model), modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989, inayosema mtu anakubali teknolojia akiona ina manufaa kwake na akiona ni rahisi kuitumia. Ni modeli nzuri, sina ugomvi nayo. Ila jua ilikotoka, Davis alipima maswali yake kwa watumiaji 152, wengi wao watu wa maabara ya IBM kule Toronto waliokuwa wakitumia barua pepe na programu ya kuhariri mafaili ofisini, na wengine 40 walikuwa wanafunzi wa MBA Boston. Wote wanajibu kwa Kiingereza na hakuna anayekatwa hela kila akibonyeza kitufe. We unayachukua maswali yale yale unampelekea mama muuza vitenge.

Mi yalinikuta. Niliandika "Huduma hii ni rahisi" na chini yake namba moja mpaka tano, moja sikubali kabisa, tano nakubali kabisa. Mama mmoja akaniangalia akasema, mwanangu, rahisi ya bei au rahisi ya kutumia? Nilisimama pale sina jibu. Kwa Kiswahili chetu rahisi ni vyote viwili, kitu cha bei rahisi na kitu kisicho kigumu, na mimi nilikuwa nimeshajaza madodoso karibu arobaini, sijui nani alijibu la bei na nani alijibu la kutumia. Ilibidi niyaweke yote pembeni nianze upya. Na kumbuka kwenye modeli za mwanzo bei haikuwepo kabisa, Venkatesh na wenzake ndo waliiongeza kwenye UTAUT2, modeli nyingine ya kukubali teknolojia, mwaka 2012, kwa iyo ukichanganya hivyo unakuwa umepima kitu ambacho modeli yako haina hata sehemu ya kukiweka na SPSS, programu ya takwimu, haitakwambia, itakupa jedwali zuri tu.

Kwa iyo fanya hivi. Mpe mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mpe mwingine ambaye hajaona ya Kiingereza akirudishe kile Kiswahili kuwa Kiingereza, alafu linganisha. Swali likirudi limebadilika ujue Kiswahili chake kina tatizo. Hiyo peke yake haitoshi maana wote wawili ni wasomi kama wewe, nenda kwa watu watano sita wanaofanana na utakaowahoji, msomee mtu swali, akishajibu muulize "hapo umeelewa nimeuliza nini?" Andika anavyosema kwa maneno yake, mara nyingi maneno yake ni bora kuliko yako. Mimi "rahisi kutumia" niliishia kuandika "naweza kuitumia mwenyewe bila kuomba msaada" na hakuna aliyeuliza tena.

Angalia pia maswali ya kukanusha. Kipimo cha SUS (System Usability Scale) cha John Brooke, ambacho wengi wanakitumia kupima mfumo waliojenga, kina sentensi kumi, moja inasifu inayofuata inakosoa, zinapishana hivyo mpaka mwisho. Kwa Kiswahili ukiandika "mfumo huu sio mgumu" alafu mtu achague "sikubali", hata wewe inabidi ukae chini upige hesabu amemaanisha nini. Andika "mfumo huu ni mgumu" basi. Na kuna heshima zetu, mtu mzima ukimkuta dukani kwake na barua ya chuo anaona kukataa kataa ni kumvunja moyo kijana, anakubali yote kuanzia la kwanza mpaka la mwisho. Ukiona mtu kachagua nne nne nne mpaka kwenye maswali yanayopingana, funga karatasi ongea naye tu, muulize mara ya mwisho mfumo ulimsumbua lini na alifanyaje. Utapata stori ambayo dodoso lisingeileta.

Sampuli, yaani wale wachache unaowahoji kwa niaba ya wote, nitaipitia haraka. Fomula ya Yamane ya kukadiria idadi yao mnaipenda sana, kwa watu 1,200 na kosa la 0.05 inakupa 300, sawa. Ila ukiweka watu 100,000 inakupa 398 na ukiweka milioni moja inakupa 400, kwa iyo ile 400 sio uchawi, na haina maana yoyote kama uliwapata watu kwa kugawa linki kwenye magrupu ya WhatsApp, fomula inadhani umewachagua kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha. Huna orodha ya mawakala wote wa wilaya? Basi usijifanye unayo, fanya mahojiano ya kina na watu 20 na ueleze ulivyowachagua.

Kibali usikiache mwishoni. Kwa Tanzania barua ya chuo inaanzia mkoani, inashuka wilayani, inafika kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina siku zake. Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa iyo namba ya simu ya mtu na namba ya NIDA usizichukue kama huzihitaji, na mara nyingi hazihitajiki. Kukusanya majibu tumia KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi kwenye simu hata bando likiisha, ukipata mtandao inatuma.

Na tafadhali andika tarehe ya kila hojaji. Julai 2021 tozo za serikali kwenye miamala ya pesa kwa simu zilipoanza Tanzania, mtu aliyehojiwa Juni na aliyehojiwa Agosti walikuwa wanaongelea huduma mbili tofauti japo apu ni ile ile. Bila tarehe ungewachanganya wote kwenye wastani mmoja.

Ukimaliza kuchambua usikimbilie jarida lililokutumia imeili ya kukusifia na kukuambia pepa litatoka ndani ya siku tatu ukilipa. Angalia kama lipo kwenye orodha za majarida za DOAJ au Scopus, na yapo ya uwanja wetu yanayoeleweka, kama African Journal of Information Systems na lile la mifumo ya habari katika nchi zinazoendelea, EJISDC. Kwenye viambatisho weka dodoso lote la Kiswahili kama lilivyoulizwa, na la Kiingereza pembeni yake, na ueleze neno gani ulilibadilisha na kwa nini, ili mwenzako wa Mwanza au Mombasa mwakani asiulizwe tena dukani kwa watu, rahisi ya bei au rahisi ya kutumia.