Kabla ya mitihani, uliza utafanyia wapi mazoezi: njia ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa

Vijana wanaonijia kuulizia taaluma hii huanza na swali lile lile: mitihani ni mingapi? Mimi huwauliza: mazoezi utafanyia wapi, na chini ya nani? Mitihani ina silabasi na vitabu, na ukifeli unarudia. Miaka mitatu ya kazi chini ya msimamizi hairudiwi. Hapo ndipo mtu anapogeuka mhasibu, au anapotoka na cheti huku akiogopa kuulizwa swali la pili.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusimamia wanaojifunza na kupitia karatasi zao za kazi, yaani maandishi ya walichokagua na walichokuta, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale ninayoyaona yakiwasumbua. Mengine ni kujaza fomu tu.

Hati inatoka kwa nani

Cheo hiki hakitolewi na chuo kikuu. Kinatolewa na chama au bodi ya wahasibu wenyewe, utaratibu ulioanzia Scotland pale wahasibu wa Edinburgh walipopata hati ya kifalme mwaka 1854. England na Wales wakafuata mwaka 1880 kwa chama tunachokijua leo kama ICAEW. Leo nchi nyingi zina chombo chake, na vingi ni wanachama wa IFAC, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1977. Wapo wanaotoa cheo cha CA (Chartered Accountant), wapo wanaotoa CPA (Certified Public Accountant), na wapo ACCA, chama cha wahasibu chenye asili ya Uingereza, ambao mitihani yao hufanyika katika nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Watu hubishana sana ni kipi kina jina kubwa. Ubishi huo hauna faida. Swali la kuuliza ni hili: pale unapotaka kufanya kazi, sheria inamruhusu mwanachama wa chombo kipi kusaini ripoti ya ukaguzi? Kama ndoto yako ni kuongoza idara ya fedha ya kampuni, huenda saini hiyo isikuhusu, na uwanja wako wa kuchagua ni mpana. Kama unataka siku moja kufungua ofisi yako ya ukaguzi, jibu lake linakata mjadala wote.

Shahada ya uhasibu inasaidia lakini mara nyingi si sharti. Nimewasimamia waliosoma fizikia na fasihi, na wale wa fasihi mara nyingi huandika ripoti zinazosomeka. Mwenye shahada ya uhasibu hupata msamaha wa baadhi ya mitihani: kwa ACCA, yenye mitihani 13 kwa mfumo uliozoeleka, msamaha unaweza kufika 9. Omba tathmini ya misamaha kabla hujalipia chochote. Na kama ni muda mrefu tangu ushike masomo ya utoaji taarifa za fedha, fikiria mara mbili kabla ya kuruka mtihani huo. Mitihani ya juu inachukulia kwamba unajua kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu zake, na haitakusubiri ukumbuke.

Mitihani yenyewe

Sitasema mengi. Mtihani wa saa tatu wenye alama 100 unakupa dakika 180, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 20 lina dakika 36. Zikiisha, hama. Wengi wanaofeli hawakukosa maarifa. Walikwama kwenye mizania iliyokataa kulingana, wakamwaga robo saa wakitafuta tofauti yenye thamani ya alama moja. Msahihishaji hutoa alama kwa njia uliyopita, hata namba yako ya mwisho ikiwa na kasoro. Onyesha hesabu zako.

Kwenye mtihani wa ukaguzi kuna ugonjwa wake. Mwanafunzi anaandika: "Kagua mauzo." Hiyo haina alama. Aandike hivi: "Chukua hati za kusafirishia mizigo za wiki ya mwisho ya mwaka wa hesabu, linganisha tarehe zake na tarehe za ankara, uone kama kila mauzo yameingia kwenye mwaka unaostahili." Hapo umetaja hati, umesema unailinganisha na nini, na umesema unatafuta nini. Ukijizoesha kuandika hivyo kwenye mtihani, nusu ya kazi ya mwaka wa kwanza umeshaijua.

Fanya maswali ya mitihani iliyopita kwa saa ya mezani, bila kitabu pembeni. Kusoma jibu la mfano na kutikisa kichwa kwamba umeelewa si kufanya swali.

Miaka ya mazoezi

Vyombo vingi vinadai takribani miaka mitatu ya kazi chini ya msimamizi. ACCA wanataka miezi 36, pamoja na malengo ya utendaji ambayo msimamizi anayetambulika anasaini baada ya kuridhika kwamba umeyafikia kweli. ICAEW huwafungia wanafunzi wao mkataba wa mafunzo wa kati ya miaka mitatu na mitano na mwajiri aliyeidhinishwa.

Ukiitwa kwenye usaili, nawe uliza maswali. Mwaka wa kwanza nitashika maeneo gani? Nani anapitia kazi yangu, na anaipitia nikiwa bado kwa mteja au miezi miwili baadaye? Kabla ya mtihani napewa likizo ya kusomea? Kampuni kubwa itakupa jina na mafunzo mazuri ya darasani, ila unaweza kumaliza mwaka mzima ukishughulika na fedha taslimu na mali za kudumu za benki moja. Ofisi ndogo itakutupa kwenye kila kitu: orodha ya mishahara, kodi, mizania ya duka na ya shule ndani ya mwezi mmoja. Mimi ningemshauri anayeanza aende ofisi ya kati au ndogo yenye mbia anayesoma karatasi za kazi mwenyewe. Najua wenzangu wengi hawatakubaliana nami.

Kumbukumbu ya mazoezi ijaze kila mwezi. Wapo wanaosubiri hadi mwisho, msimamizi akawa ameshahama ofisi, na saini wanaitafuta kwa simu.

Kazi ikoje kwa karibu

Watu wanadhani tunajumlisha namba. Kujumlisha ni kazi ya kompyuta. Sisi tunatafuta ushahidi kwamba namba iliyoandikwa ina kitu nyuma yake.

Chukua kuhesabu stoo siku ya mwisho wa mwaka, kazi ambayo kila anayeanza hupewa. Una orodha ya bidhaa mkononi. Kwanza unachagua mistari kwenye orodha na kwenda kuitafuta bidhaa rafuni. Hapo unapima kama kilichoandikwa kipo. Kisha unageuza: unachagua vitu rafuni, bila mtunza stoo kukuongoza, na kuvitafuta kwenye orodha, hapo unapima kama kilichopo kimeandikwa. Njia hizi mbili zinakamata makosa tofauti kabisa, na anayefanya moja tu ameacha mlango wazi. Katoni fungua, tena zile za katikati ya rundo, maana za mbele zimepangwa zionekane. Angalia vumbi: bidhaa yenye vumbi nene huenda haiuziki tena kwa bei iliyoandikwa, na thamani yake inapaswa kushushwa. Uliza kama kuna mzigo wa mtu mwingine uliohifadhiwa humo, kwa sababu huo si mali ya mteja wako hata kama umekaa kwenye rafu yake. Kabla ya kuondoka nakili namba ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo na ya mwisho ya kutoa. Miezi miwili baadaye, ukiwa ofisini na ankara mbele yako, namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia mauzo fulani ni ya mwaka huu au ujao.

Au chukua barua ya benki. Tunaiomba benki ithibitishe salio la mteja. Barua tunaituma sisi, na jibu linarudi kwetu moja kwa moja. Mteja atasema, kwa nia njema kabisa, "Niachie, nitaipeleka mimi, meneja wa tawi ni rafiki yangu." Hapana, asante. Desemba 2003 Bank of America ilisema hati iliyoonyesha kwamba kampuni tanzu ya Parmalat, kampuni ya maziwa ya Italia, ilikuwa na takribani euro bilioni 3.95 kwao haikuwa ya kweli. Mwaka 2020 Wirecard, kampuni ya malipo ya Ujerumani, ilikiri kwamba euro bilioni 1.9 zilizoonekana vitabuni huenda hazikuwahi kuwepo. Kote kuwili, swali lilikuwa lile analopewa mkaguzi wa mwaka wa kwanza: fedha hii iko wapi, na nani amekuambia?

Ukishapata ushahidi, uandike. Kipimo cha karatasi ya kazi ni kwamba mkaguzi mzoefu ambaye hakuwepo aisome na kuelewa ulifanya nini, ulipata nini na ulifikia uamuzi gani, bila kukupigia simu. Hiki ndicho ninachorudisha zaidi. "Imekaguliwa, sawa" hainiambii kitu. Sawa kwa kulinganisha na nini? Tofauti ndogo ulizoziacha ni za kiasi gani, na zikijumlishwa zinafika wapi? Mwanzoni mwa kila ukaguzi tunaweka kiwango cha uzito, yaani ukubwa wa kosa unaoweza kubadili uamuzi wa msomaji wa hesabu. Wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi kisha wanarekebisha kwa busara. Makosa madogo kumi ya upande mmoja yanaweza kukivuka.

Kuna ubaya wake pia. Baada ya kampuni nyingi kufunga mwaka, wiki kadhaa hutarudi nyumbani mapema. Utakaa kwenye chumba cha mikutano cha watu wasiofurahia kukuona, ukiomba hati ambayo wameshampa mwenzako. Jifunze kuomba vitu vyote kwa orodha moja, asubuhi, kwa heshima. Mhasibu wa mteja ana kazi zake, na akikupenda atakuonyesha faili ambalo hukujua kama lipo.

Maadili si sura ya mwisho ya kitabu. Kanuni za kimataifa za taaluma zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, kutunza siri, na mwenendo unaofaa. Kwa vitendo huja kwa sura ndogo. Una hisa kwenye kampuni unayopangiwa kukagua? Sema kabla hujaingia. Shangazi yako ni mkuu wa fedha pale? Sema pia. Meneja anataka ubadilishe tarehe kwenye karatasi ya kazi? Kataa, na mpelekee jambo hilo aliye juu yake kwa maandishi.

Baada ya hati

Wengi huondoka kwenye ukaguzi ndani ya miaka michache: wanakwenda idara za fedha, ukaguzi wa ndani, kodi, benki, mashirika ya misaada, uchunguzi wa ulaghai. Si kukimbia, mafunzo yalikusudiwa kubebeka. Mkuu wa fedha aliyewahi kuhesabu stoo usiku hadanganywi kirahisi na ripoti ya stoo.

Uanachama una ada ya kila mwaka na masharti ya kuendelea kujisomea. ACCA kwa kawaida wanadai vizio 40 kwa mwaka, kizio kimoja kikiwa sawa na saa moja, na 21 kati ya hivyo viwe na ushahidi. Tunza vyeti vya semina kama unavyotunza risiti za mteja. Na usichanganye uanachama na leseni ya kufanya kazi ya ukaguzi kwa jina lako: kwa kawaida leseni huombwa peke yake, hudai uzoefu wa ziada baada ya kufuzu, na mara nyingi huja na bima ya kitaaluma. Kama unaitaka, mweleze msimamizi wako tangu mwaka wa kwanza wa mazoezi, ili saa zako za ukaguzi ziandikwe kando tangu mwanzo.