Taa ya injini ikiwaka, usikimbilie dukani

Gereji yangu iko Pasua, hapa Moshi, na kila mara naletewa kifaa kipya kikiwa bado kwenye boksi lake: "Fundi, nifungie hiki, mashine imesema." Mashine ya kusoma hitilafu za gari haisemi kifaa gani kimekufa. Inatoa namba, na namba inaeleza injini inalalamikia nini. Chanzo cha malalamiko lazima ukitafute mwenyewe.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kibosho na Toyota IST yake. Barabara ya tambarare gari inakwenda vizuri, ikianza kupanda inamisi, yaani silinda inaruka bila kuchoma mafuta, inatetemeka, na taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Hilo la kuwaka na kuzima ulishike sana. Taa iliyotulia inakupa nafasi ya kwenda taratibu hadi kwa fundi, mradi hakuna taa ya oili wala joto. Ikipepesa, toa mguu kwenye mafuta utafute pa kuegesha, kwa sababu petroli ambayo haijaungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba la egzosti, nayo yanapata moto hadi kuyeyuka.

Nilichomeka mashine kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, nikafungua swichi. P0302. P ni ya injini na giaboksi, 03 hapa ni kumisi, na ile 2 ni silinda ya pili ukihesabu kutoka upande wa belti. Huko alikotoka alikuwa ameambiwa anunue nozeli, ile inayonyunyiza mafuta kwenye injini. Nikamwambia, mama, subiri kwanza.

Injini ikiwa imepoa, chukua spana namba 10, fungua koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya pili na ya tatu, uzibadilishane. Futa namba, kisha endesha gari. Namba ikirudi P0303, ugonjwa umehama na koili, basi koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, fanya hivyo hivyo kwa plagi, halafu ndipo uende kwenye nozeli na mwisho upime kompresheni. Kwa mama ilirudi P0303. Nilipoichomoa ile koili, pembeni ya mpira wake palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uzi. Cheche ilikuwa inapita hapo kurukia kwenye chuma. Mlimani mgandamizo ndani ya silinda ni mkubwa, cheche inapata shida kuruka kwenye plagi, hivyo inachagua njia rahisi. Alinunua koili moja tu.

P0171 ndiyo inayokula hela za watu. Maana yake hewa imezidi kipimo kwa mafuta yaliyopo. Wengi wanabadilisha sensa ya oksijeni, na mimi niliwahi kumnunulisha mteja sensa hiyo, taa ikawaka tena. Iliniuma, maana sensa ilikuwa inasema kweli. Sasa naangalia kwanza kwenye mashine ile asilimia ya mafuta ambayo kontroli boksi, kompyuta ya injini, inaongeza. Ikiwa juu gari ikiwa sailensa, yaani imewaka bila kukanyaga mafuta, halafu ikashuka ukipandisha mizunguko hadi 2,500 kwa dakika, tafuta mpira uliopasuka baada ya throto, ule mlango wa hewa ya injini. Weka ncha moja ya kipande cha mpira sikioni, nyingine uipitishe taratibu kwenye maungio huku ukikwepa belti na feni. Utasikia hewa ikifyonzwa. Asilimia ikizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, kagua pampu na filta ya mafuta, na sensa ya hewa iliyo jirani na eya klina, maana vumbi letu haliihurumii.

P0420 inahusu masega. Ni ghali, kwa hiyo maliza kwanza kumisi na uzibe matundu ya egzosti kabla hujayahukumu.

Na kabla ya kufuta chochote, piga picha namba zote. Kuchomoa betri nako ni kufuta.

Ukishatengeneza, rudi pale pale ugonjwa ulipojitokeza. Mimi na mama tulipanda barabara ya Kibosho gia ya pili, mashine ikiwa imechomekwa, na hesabu ya kumisi ikabaki sifuri kwa silinda zote nne.