Prosesa ya mtumba Dodoma: ione ikiwaka kwanza, ndipo utoe hela

Usianze kutafuta prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, kabla hujajua kama ndiyo inayokuchelewesha. Nina stesheneri Ng'ong'ona, jirani na UDOM. Msimu wa wanafunzi kuomba mikopo, kompyuta yangu hushinda na kurasa za intaneti zisizohesabika, Word, Photoshop ya picha za pasipoti, na skana inayomeza vyeti mfululizo. Ilipoanza kukwama nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaacha Task Manager wazi wakati wateja wako mezani. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda, ilikuwa imetumika nusu. Diski, ambayo ni SSD, ilikuwa imetulia. Prosesa ndiyo iliyoganda kwenye asilimia 100. Ukiona hivyo, una sababu ya kununua. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, au ramu yako ni GB 4, peleka hela huko kwanza. Utapata nafuu kubwa zaidi kwa usumbufu mdogo zaidi.

Prosesa ni kati ya vifaa vichache vya kompyuta ambavyo sisiti kununua vya mtumba. Hakuna kitu kinachozunguka ndani yake, na kwa kawaida mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) au pawa saplai hufa mapema wakati prosesa bado nzima. Ndiyo maana zipo za bei nafuu: mashine ya ofisi inakufa mazabodi, fundi anaichinja, prosesa inabaki kwenye droo.

Sasa jua mazabodi yako, maana ndiyo inayochagua prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha soma jina la mashine na la prosesa iliyopo. Yangu ni Dell OptiPlex 7010, toleo la 2012, soketi (kikao cha prosesa) LGA1155, iliyokuja na i3-3220 yenye kori 2 (vitengo vya kazi) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Ya juu kabisa ya kizazi chake kwa kazi zangu ni i7-3770: kori 4, thredi 8, soketi ileile. Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: 3770 ni cha tatu. Huo ndio ushauri wangu kwa kila mwenye mashine ya zamani: tafuta prosesa kubwa ya kizazi cha mashine yako. Usiparamie kizazi cha mbele kitakachokulazimisha kununua na mazabodi na ramu mpya.

Hapa ndipo watu wengi hupigwa, mara nyingi na muuzaji ambaye naye anaamini anachosema. Atakwambia "inaingia", na kweli itaingia, ila haitawaka. OptiPlex 790 na 990 zina soketi hiyohiyo ya 1155, lakini hazipokei kizazi cha tatu. Mwisho wake ni cha pili, kama i7-2600. LGA1151 ni mtego mbaya zaidi: mazabodi za kizazi cha sita na cha saba haziwashi prosesa za Intel za kizazi cha nane, ingawa idadi ya pini ni ileile na unaweza kuifunga vizuri kabisa. OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 ni LGA1150, kwa hiyo hizo zinataka kizazi cha nne, mfano i7-4770. Andika jina kamili la mashine yako kwenye simu, uingie tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, usome prosesa zinazokubalika. Ukikuta baiosi mpya (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi), iweke wakati prosesa ya zamani bado imo, tena siku ambayo umeme haukatiki ovyo.

Herufi ya mwisho nayo isome. i7-3770 hula wati 77. I7-3770T hula 45 lakini spidi yake ya kawaida ni GHz 2.5 badala ya 3.4. Ukilipia T kwa bei ya ile ya kawaida, umeibiwa. Jambo jingine: kama unabadilisha ili upate Windows 11, fahamu kwamba Microsoft inakubali Intel kuanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa masasisho Oktoba 2025. Mwenye lengo hilo aweke akiba yake anunue mashine nyingine.

Mjini kwetu, kwenye makabati ya maduka utakuta kompyuta nzima, ramu na diski. Prosesa peke yake utaipata kwa mafundi wanaochinja mashine, kwa hiyo waulize wao. Muulize pia imetoka kwenye mashine gani na aliipataje. Dodoma imejaa ofisi, na mashine zake huuzwa kihalali kwenye minada. Fundi mwenye kibanda chake hashindwi kukueleza. Anayekupitishia prosesa mfukoni na hataki kuandika risiti, achana naye hata kama ni ya bei ya kutupa.

Fundi niliyenunua kwake aliniita pembeni akasema, "Dada, hii i7 haijachoka, nipe laki na ishirini." Nikamjibu, "Mdogo wangu, nakuja na mashine yangu. Ikiwaka tutaongea bei." Akakubali bila kinyongo. Fundi anayejua mali yake haogopi hilo. Kasha likapanda bajaji, nami na ramu zangu mbili mkononi.

Kabla haijafungwa, ikague. Ishike kwa kingo, washa tochi ya simu, ilaze taa iipige kwa ubavu. Upande wa juu, kwenye bati, maandishi yawe yamechorwa safi: jina i7-3770, na chini yake msimbo kama SR0PK, ambao ndio wa 3770. Ukikuta maneno Intel Confidential, au msimbo unaoanza na Q, hiyo ni ya majaribio ya kiwandani na haikupaswa kuuzwa. Bati lililosuguliwa mpaka likapoteza maandishi lirudishe. Igeuze. Vitone vya dhahabu viwe na rangi moja. Doa jeusi la kuungua halifutiki, ila alama ya grisi inatoka kwa kitambaa laini chenye spiriti. Katikati kuna vidude vidogo vilivyolehemiwa kwa mpangilio. Kimoja kikiwa kimeng'oka, unaona nafasi yake tupu inang'aa. Kwa prosesa za AMD, mshindani wa Intel, za soketi ya AM4, pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwa hiyo itazame usawa wa jicho, safu kwa safu. Hata iliyopinda pini moja mimi sinunui.

Miezi ya upepo mkavu hapa kwetu umeme tuli, unaoweza kuua prosesa, ni mwingi. Vua sweta, gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika chochote. Puliza vumbi lote kabla ya kufungua soketi, kamwe si baada, maana pini za LGA ziko kwenye mazabodi na zinapinda kwa mguso tu. Futa pesti ya zamani iliyokauka (ile ya kupitisha joto juu ya prosesa), weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza skrubu nne za hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kwa kukatisha kona kwa kona.

Ikiwaka, ingia baiosi kwanza usome jina. Kisha fungua programu ya CPU-Z ndani ya Windows. Hiyo haidanganyiki na stika iliyobandikwa juu ya kasha. Hakikisha inasoma kori 4 na thredi 8. Weka ramu kwenye chaneli zote mbili uone kama zote zinahesabiwa, kwa sababu kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa, na chaneli moja ikipotea kuna ugonjwa, ama wa prosesa au wa pini. Chomeka skrini kwenye mazabodi yenyewe, maana grafiki nazo zimo humo. Halafu bonyeza Stress CPU kwenye ukurasa wa Bench wa CPU-Z, uiache dakika ishirini huku ukitazama joto kwa programu ya HWiNFO. Ikipita nyuzi 90 ukiwa na pesti mpya, angalia feni na hitisinki kabla ya kuilaumu prosesa. Ikijizima au ikileta skrini ya bluu, funga kasha uage.

Yangu ilipita. Tukakubaliana 90,000, akaandika risiti yenye jina la prosesa, ile namba ndefu ya kwenye bati, na wiki mbili za kuirudisha ikigoma. Akataka kuchukua i3 yangu apunguze 10,000. Nilimkatalia mpaka wiki mbili zipite, kwa sababu i7 ikigoma katikati ya kazi, i3 ndiyo ingefungua duka kesho yake.