Moto gani huo? Namna ya kuutambua moto unaosemwa

Nafundisha Kiswahili hapa Tanga, na wanafunzi wangu wengi ni wageni. Mmoja nilimpeleka Ngamiani kumwamkia bibi mmoja. Akakaa dakika tano, akaaga. Bibi akashangaa: "Ah, mjukuu wangu, umekuja kuchukua moto?" Kijana akajipapasa mifukoni, akamkabidhi kiberiti kwa mikono miwili. Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Tangu siku hiyo, somo la moto naanzia jikoni.

Hatua ya 1: Washa jiko
Tafuta makaa, vifuu viwili vitatu vikavu, na kipepeo. Kipande cha boksi kinafaa pia. Kifuu hushika upesi na mwali wake ni mkali, kwa hiyo kiwe chini, makaa juu. Pepea taratibu, ama sivyo utakula majivu. Yakishakolea, injika wali. Maji yakikauka, funika sufuria, punguza moto wa chini na uweke makaa machache juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia.

Kupalia pia ni kwenda kuchukua makaa yanayowaka kwa jirani. Kabla kila nyumba haijawa na kiberiti, mtoto alitumwa na kigae, akatiliwa makaa, akarudi mbio kabla hayajazimika. Hakuwa na nafasi ya kukaa wala kuulizwa habari za nyumbani. Sasa umemwelewa bibi.

Hatua ya 2: Sikiliza kitenzi
Hapa ndipo pa kutulia, maana neno moto peke yake halisemi mengi. Anayechochea husukuma kuni ndani ili mwali upande. Mchochezi wa watu hana kuni, lakini mkono wake unafanya kazi ileile. Aliyejipalia makaa amejiletea balaa mwenyewe: wali una mfuniko, yeye ana kichwa kitupu. Kuota moto ni kujipasha joto, basi mtu akiitwa "moto wa kuotea mbali", usimsogelee ovyo. Na ukisikia "mama amewaka", usitafute maji, tafuta njia ya kutokea.

Hatua ya 3: Tazama neno la jirani
Chai ya moto ina joto tu; na maneno yenyewe, moto na joto, yana mzizi mmoja. Silaha ya moto ni bunduki na jamaa zake. Sufuria ikiwa motoni, iko jikoni. Mwenye dhambi akiambiwa ataingia motoni, hilo ni jingine kabisa.

Hatua ya 4: Kagua kama ni tafsiri
Kiingereza humfukuza mtu kazi kwa neno lilelile la moto, na risasi hutoka kwa neno hilohilo. Kwetu aliyefukuzwa unga wake umemwagika, na bunduki hufyatuliwa. Nimeshasahihisha daftari ambamo karani mzima "alichomwa" na bosi wake. Nilimwombea dua kwanza, kisha nikakata alama.

Hatua ya 5: Usiharakishe kusema "hii ni picha tu"
Mwaka 1959 Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Kilimanjaro. Yalikuwa maneno. Desemba 1961 mwenge wenyewe uliwashwa kileleni, katika baridi ile. Wanafunzi hupenda kudhani mambo huanza na moto wa kweli, tamathali ikafuata. Huu ulikwenda kinyume.

Zoezi
Kesho asubuhi zoa jiko ulilowasha leo, ushike kwa vidole kile kilichobaki. Kisha fikiria baba hodari unayemjua mtaani, na mwanawe anayeamka saa tano. Eleza kwa sentensi mbili: "Moto huzaa majivu." Majina ya watu usiandike, Tanga ni ndogo.