SOMO: Kindi wamehamia darini kwako? Watoe kwanza ndo uzibe

Salaam wadau. Hili somo nimeliandika mana kila msimu wa embe ukifika watu wa Tanga wanauliza swali lilelile, kindi wameingia darini, wanamaliza mapapai, tufanyeje. Kindi ninaomsema ni huyu wetu wa pwani, mgongo wa kijivu kama umemwagiwa vumbi, tumbo na miguu rangi ya kutu, mkia umejaa manyoya. Wazee wengine wanamwita kuchakulo, wengine kidiri.

Naanza na kosa langu ili lisikukute. Mwaka juzi nyumbani kwetu Sahare tulisikia purukushani juu ya chumba cha watoto, nikamuita fundi saa sita mchana, akaona tundu kwenye kona ya paa, akaliziba kwa simenti na kipande cha ubao, nikamlipa akaenda. Sasa kindi mchana yupo nje anatafuta chakula, kwa hiyo tulichokifanya ni kumfungia mama nje na watoto ndani. Jioni akawa anapita juu ya bati analia, mkia unamcheza, analia mpaka giza linaingia. Kesho yake akaanza kutafuna fashabodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Siku ya nne harufu ikashuka chumbani. Nilipopanda na tochi nikakuta kiota cha makumbi ya nazi na majani makavu ya mwembe, katikati kuna kipande cha soksi ya mwanangu, na vitoto viwili vimelala juu yake vimekufa. Iliniuma sana, na fashabodi mpya nilinunua vilevile. Ndo mana kichwa cha somo kipo hivyo.

HATUA YA 1: Jua nani yupo juu
Sikiliza saa. Kindi anatembea mchana, zogo lake ni alfajiri kukipambazuka na alasiri, usiku analala kama wewe. Ukisikia mbio saa nane usiku huyo panya, au komba kama una minazi na miti mikubwa karibu. Milio myembamba magharibi halafu vitu vinatoka vinaruka, hao popo, na kinyesi cha popo ukikisaga kwa kijiti kinavunjika unga, cha panya na kindi kikikauka ni kigumu. Usimtibu panya kwa dawa ya kindi, utapoteza hela.

HATUA YA 2: Tafuta njia zote, sio moja
Kaa uani na kiti saa 12 asubuhi, siku mbili tatu, angalia wanatokea wapi. Sehemu za kawaida kwenye nyumba zetu ni pale bati linapokutana na fashabodi (migongo ya bati inaacha vitundu, na vingi vinatosha), kona ambako fundi hakumalizia silingi ya nje, matundu ya hewa ambayo wavu umeoza kwa chumvi ya bahari, na palipopitishwa waya wa umeme au wa dishi. Tundu la sentimita 4 kindi anapita, kwa panya hata la sentimita 2 linatosha. Ukiona kingo za tundu zina weusi wa mafuta mafuta ujue njia hiyo inatumika kila siku.

Halafu tazama juu. Kindi hajapaa, amepita kwenye tawi. Mwembe, mkungu, mfenesi ukiwa umelalia bati basi umemjengea daraja. Kata matawi yabaki mita 3 kutoka kwenye paa, pungufu ya hapo anaruka. Msikate mti mzima jamani, kivuli cha mwembe Tanga mwezi wa pili kwenye joto lile la kaskazi hakinunuliki.

HATUA YA 3: Uliza kama kuna watoto
Hapa usiwe na haraka. Panda darini mchana mama akiwa ametoka, nenda na tochi, kanyaga juu ya kenchi tu, zile mbao zinazobeba paa, silingi bodi haibebi mtu. Vaa barakoa na glovu. Ukikuta vitoto havina manyoya au macho yamefumba, shuka, acha kila kitu kama kilivyo. Subiri wiki sita mpaka nane watoke wenyewe na mama yao. Najua kelele zinakera, mimi zilinikera, ila kelele ni afadhali kuliko ile harufu. Kama huwezi kupanda, sokota gazeti ulijaze kwenye tundu bila kulikaza. Likisukumwa wapo. Likikaa siku tatu halijaguswa na hamna kelele, pametulia.

HATUA YA 4: Mlango wa kutoka bila kurudi
Nunua wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wanaouita wavu wa kahawa, sio wa plastiki wa mbu mana huo anautafuna kama karanga. Kunja bomba la upana wa sentimita 10 hivi, urefu nusu mita. Mdomo mmoja ufunge kwenye tundu wanalotumia sana, mdomo wa pili uning'inie nje umeinama kidogo, na mwishoni funga kibati chepesi kwa juu tu kama pazia. Akisukuma kutoka ndani kinafunguka, akitaka kurudi kinamgomea. Matundu mengine yote ziba kabla. Liache wiki nzima bila kelele darini, ndo ulitoe na kuziba hilo la mwisho. Hakikisha kibati hakina ncha ya kumkata.

HATUA YA 5: Ziba kwa kitu asichokitafuna
Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, lazima atafune kitu kila siku, kwa hiyo ubao mtupu, foronya kuukuu, povu lile la kupuliza, vyote atapita. Tumia wavu wa chuma ukazwe kwa skrubu na washa, vitundu vidogo jaza waya wa kusugulia masufuria kisha simenti juu yake. Kwa nyumba za karibu na bahari nunua wavu uliopigwa zinki, vinginevyo kutu itakurudisha hapohapo baada ya masika mbili.

HATUA YA 6: Usafi na nyaya
Zima meni swichi, muite fundi umeme akague kila waya wa darini. Waya uliochunwa mpira ni moto unaosubiri siku. Zinazopita wazi ziingizwe kwenye paipu. Kinyesi na kiota usifagie vikiwa vikavu, nyunyizia kwanza maji yenye klorini, acha dakika chache, kusanya kwa mfuko. Viroboto wa wanyama wagugunaji sio wa kuchezea, sisi wa mkoa huu tunaikumbuka tauni ya Lushoto iliyoanza 1980. Sisemi kindi wa mjini wana tauni, nasema vaa barakoa na glovu.

HATUA YA 7: Bustani
Anakuja kwa sababu umeandaa meza. Machicha ya nazi yanayomwagwa nyuma ya jiko, pumba za kuku, embe zilizodondoka, vyote viondoke kabla ya jioni. Papai likianza kuweka mstari wa njano lichume likaivie ndani, fenesi livishe gunia, mapera yafunge vifuko. Pilipili kichaa uliyoisaga ukachanganya na maji na sabuni kidogo inasaidia kwenye majani, ila mvua moja tu inaosha yote, vuli utapuliza mpaka uchoke. Mnazi uvishe bati la upana wa sentimita 60 kiunoni, mita 2 kutoka chini, makucha yanateleza. Lakini kama makuti ya mnazi huo yanagusana na ya jirani yake hilo bati ni pambo tu, atapita juu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Makorora: Dada mbona mambo mengi, si niweke tu sumu ya panya au naftalini nilale?
Jibu: Kaka yangu, sumu haimwambii aende akafie nje, atafia juu ya kitanda chako na utabomoa silingi kumtafuta. Na paka wa jirani akimla aliyekula sumu naye anakwenda, bundi hivyohivyo. Naftalini nayo dari nzima haiwafukuzi, mvuke wake unashuka kwa mliolala chini, na kuna watoto wachanga ambao damu yao haiistahimili kabisa, chembe nyekundu zinavunjika. Acha.

Mdau wa Chumbageni: Mimi mpangaji, mwenye nyumba anasema kindi sio kazi yake.
Jibu: Piga picha waya zilizotafunwa, mpelekee ukiwa na fundi umeme, ongea kwa heshima. Wenye nyumba wengi kindi hawamuogopi, moto wanauogopa. Akikubali utengeneze mkatane kwenye kodi, andikishaneni kabla hujatoa hata mia.

Mdau wa Pongwe: Kwangu darini hamna shida, ila mahindi wanafukua mbegu zote, nimerudishia mara mbili.
Jibu: Pole sana. Shida yako ni zile wiki mbili za mwanzo tu, mche ukishamaliza chakula cha kwenye mbegu kindi hana cha kufukua. Funika mistari kwa matawi ya miba au wavu ulioinuliwa kidogo, na pitia shamba alfajiri na alasiri, ndo saa zake. Kwa eneo dogo otesha kwenye vikopo uhamishe.

Mama wa Duga: Shkamoo dada. Mwanangu amekamata kindi mdogo, kamng'ata kidole, damu imetoka kidogo. Nimempaka spiriti, inatosha?
Jibu: Marahaba mwanangu. Haitoshi. Osha hapo kwenye jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 ukitazama saa, usikadirie, halafu leo hii mpeleke kituo cha afya. Kichaa cha mbwa kwa wanyama wadogo hivi ni nadra, lakini wa kuamua ni daktari, na pepopunda nayo ipo. Nijulishe amepona.

Mdau wa Kange: Vijana wa mtaani wanasema watawatega wakawauze kwa wanaofuga.
Jibu: Wakataze. Kindi ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inataka kibali kukamata au kumiliki. Wakikuzidi nenda ofisi ya maliasili ya halmashauri ueleze, kuuliza ni bure.

Mdau wa Mwambani: Nyumba yangu paa la makuti. Huo wavu nautundika wapi?
Jibu: Makuti huwezi kuziba shehe, nisikudanganye. Subiri siku mnayoezua upya, mtandaze wavu juu ya fito kabla ya makuti kupanda, hapo mnakuwa mmemaliza. Kwa sasa hamisha mahindi na karanga zilizo kwenye dari ya jikoni, weka kwenye pipa lenye mfuniko, na ule mkungu naouona kwenye picha uliyonitumia upunguze upande wa paa. Ila panda uangalie watoto kwanza kabla ya kugusa tawi, mana kwenye picha kuna kitu kama kiota pale kwenye panda la pili.