Kutafuta Makombe, Picha na Rejista za Shule Iliyofungwa

Shule ikifungwa, vitu vyake hutawanyika kufuata watu waliovikabidhi na waliovipokea. Kwa hiyo kabla ya kuulizia picha mitaani, fuatilia makabidhiano.

Anza na jina. Orodhesha majina yote ambayo shule iliwahi kuitwa, na miaka yake. Tanzania Bara, shule nyingi za misheni na za taasisi binafsi zilitwaliwa na serikali baada ya sheria ya elimu ya 1969, na baadhi zikapewa majina mapya: St. Joseph's Convent ya Dar es Salaam ikawa Forodhani, Aga Khan ya wavulana ikawa Tambaza. Ukiomba jalada la 1962 kwa jina la 1975, utaambiwa halipo. Andika pia kama ilikuwa shule ya kati, yaani darasa la tano hadi la nane, na jinsi jina la kijiji lilivyoandikwa zamani.

Kisha uliza: wanafunzi wa mwisho walihamishiwa wapi? Nenda shule hiyo ukiwa na barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kata au Afisa Elimu Kata. Omba kuona taarifa ya makabidhiano, leja ya vifaa, rejista ya uandikishaji na kitabu cha wageni. Omba ruhusa ya kupiga picha kurasa, usiombe kuondoka nazo. Ni mali ya umma, na mwalimu mkuu akihisi unataka kuzichukua atafunga stoo. Jalada jingine huwa ofisi ya elimu ya halmashauri. Wilaya yenu ikiwa ilimegwa kutoka nyingine, nenda wilaya mama. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu mafaili ya zamani aghalabu hubaki makao makuu ya awali.

Kombe la kushindaniwa litafute kwa wapinzani. Lilikaa kwa bingwa hadi mashindano yajayo, hivyo shule ikifungwa katikati, linaweza kuwa kabatini kwa jirani. Maandishi yakiwa yamefifia, zima taa na umulike tochi kwa pembeni, herufi zitajitokeza. Usilisugue kwa majivu wala mchanga: makombe mengi yamepakwa fedha juu tu, na utaondoa fedha pamoja na majina. Kengele, hata kama ni rimu ya gari au kipande cha reli, iulizie kanisani na ofisi ya kijiji.

Kwa shule ya misheni, anza parokiani au dayosisi. Nyaraka za UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, ziko maktaba ya Bodleian, Oxford; za CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham; picha nyingi za misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, zilizopigwa Kilimanjaro zinaonekana bure mtandaoni kupitia University of Southern California. Za serikali ziulizie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam; za Visiwani, Nyaraka za Zanzibar.

Kwa wazee, swali pana halisaidii. Baada ya shikamoo, uliza: "Mlimaliza mwaka gani? Kiranja mkuu alikuwa nani? Mpiga picha alitoka wapi?" Majina hayo ndiyo yatakayokufikisha kwenye sanduku la marehemu fulani, ambalo familia yake haijui kilichomo. Geuza kila picha: muhuri wa studio nyuma unaweza kukupeleka kwa warithi wa mpiga picha na negativu zake.

Picha iliyoganda kwenye albamu usiibandue. Ipige ikiwa humo humo, kivulini karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo. Ukiwa na skana, tumia dpi 600, yaani nukta 600 kwa inchi. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya. Na kamwe usipeleke picha wala cheti halisi kulaminishwa: joto na gundi huharibu karatasi, na plastiki ile haitoki tena. Laminisha nakala. Ile halisi itie kwenye bahasha kavu ya karatasi, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa.